Watu Wangu Si Dawa

Kwanza muoshe. Sijui niseme kwa lugha gani nieleweke. Kila wiki anaingia kijana hapa uani kwangu Mazwi, Sumbawanga, kofia kaigeuzia kisogoni, mkono mmoja kashika komando wa plastiki aliyevunjika mguu, mkono mwingine kopo la rangi, tena limeshafunguliwa. "Shikamoo bibi, nifundishe kupaka." Marahaba. Umemuosha? Ananitazama kama nimemuuliza habari za mazishi ya babu yake. Hajamuosha. Katoka kumwokota sokoni kwenye mitumba, kashikwa na watoto wa nchi asizozijua, ana mafuta ya kiwandani mwilini, ana jasho, ana matope ya Ulaya, na huyu anataka kuweka rangi juu ya hayo yote. Rangi itashika nini? Itashika uchafu. Uchafu ukibanduka, rangi nayo inafuatana nao. Halafu anarudi kulalamika kwamba rangi za siku hizi ni feki.

Sabuni, maji ya vuguvugu, mswaki wa zamani. Sugua kwapani, sugua kati ya vidole, suuza, acha akauke kivulini. Huo ndio mwanzo wa kazi. Anayeona ni kazi ya kitoto aende akapake ukuta.

Mimi naitwa Leokadia. Wengi mnaniita Bibi Makomando, na jina hilo silikatai. Nimetengeneza watu wadogo tangu mwanangu Filipo hajang'oka jino la kwanza, mpaka binti wa huyo Filipo, mjukuu wangu Oliva, alipoweza kuchonga pua kwa wembe bila kujikata. Sasa vidole vyangu vinatetemeka na macho yamefifia. Kigoda changu anakikalia Oliva. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo msinisumbue na nukta na mkato.

Na ninaandika kwa hasira, nisiwadanganye. Juzi juzi alikuja mtu na gari kwenye fremu ya duka la Oliva, akataka watu wangu wawe dawa. Si dawa ya kikohozi. Mnajua ninachosema. Nitafika huko, ila siwezi kufika kabla hamjajua watu wangu ni watu gani.

Kazi ilianza kwa kilio. Tulikuwa sokoni mimi na Filipo, na mwuza mitumba alikuwa amemwaga chini vile vitu vinavyobaki mwisho wa belo la watoto: soksi zisizo na wenzake, magari yasiyo na matairi, na makomando, wale wa plastiki ngumu wenye vifua kama mifuko ya saruji. Filipo akaokota mmoja hana kichwa, akamkumbatia. Mwuzaji akacheka: "Mama, chukua bure, huyo ni marehemu." Mtoto akalia njia nzima. Hakulilia kichwa. Alilia kwa sababu yule bwana amesema mtu wake amekufa.

Sasa mimi udongo nilikuwa naujua. Nilizaliwa Kaoze, kule chini kwenye joto, nikaolewa huku juu ambako mwezi wa sita ukinawa uso unatamani kulia, na mama mkwe wangu alikuwa mfinyanzi wa vyungu. Mwanamke mkali! Hakufundisha kwa maneno, alifundisha kwa kuvunja. Ukimaliza chungu anakigonga kwa kucha, anategea sikio, kisha ama anakirudisha kivulini, ama anakiangusha hapo hapo miguuni pako. "Nje kimekauka, ndani kinalia," anasema, basi, anaendelea na yake. Nilimchukia sana. Leo nikimwona kijana anaweka gundi asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana anazungusha mkono wa komando kuona kama umeshika, namsikia mama mkwe wangu. Nje umekauka, ndani unalia. Uache ulale. Wewe una haraka ya kwenda wapi?

Nikamfinyangia Filipo kichwa. Pua ya kwetu, masikio, paji la uso lenye mkunjo. Nikakichoma pamoja na vyungu, nikakichomeka shingoni, nikamsimamisha komando mezani. Akaanguka kifudifudi. Nikamsimamisha, akaanguka. Kichwa cha udongo kizito, mwili wa plastiki ndani mtupu. Kila ukimweka, anakunja goti, anainama, kichwa chini. Mama mkwe, ambaye kucheka kwake kulikuwa kama mvua ya kiangazi, alicheka mpaka akashika nguzo ya kibaraza.

"Mwache," akasema. "Huyo ndiye komando wa kwanza mwenye adabu. Kawaona wakubwa, anaamkia."

Kwa wasiojua: Mfipa aliyelelewa haamkii mkubwa akiwa wima kama mlingoti wa bendera. Anachuchumaa au anapiga goti, anapiga makofi taratibu, viganja vikiwa na uwazi katikati ili mlio uwe mzito, na anayeamkiwa naye anaitikia kwa makofi. Huwezi kuamkiwa hivyo ukakaa kimya. Mwili wenyewe unakataa. Hata mtu mliyegombana naye kuhusu mpaka wa shamba anaitikia kwanza, ndipo anakutukana.

Nikaitazama mikono ya yule komando. Ngumi. Nikaenda kuwatazama wenzake sokoni: ngumi, ngumi, na mwingine vidole vimekunjwa kushika bunduki. Hakuna hata mmoja mwenye kiganja. Nikaudhika, nakumbuka kabisa. Mtu gani huyo anayetoka kiwandani ameshakasirika, na aliyemkosea hamjui? Nikasema nitawakata ngumi zote, niwape viganja.

Hapo ndipo nilipoanza, na nyinyi anzieni hapo hapo. Sikieni. Mkono hautolewi kavu. Pasha maji mpaka yaanze kuchemka, epua, tumbukiza bega, subiri plastiki ilegee, mshike kwa kitambaa, zungusha kidogo. Mkono utatoka wenyewe kama jino bovu la mtoto. Ukivuta kwa ubabe unapasua tundu la bega, na bega lililopasuka halina hospitali. Ukishautoa, kata ngumi kwenye kifundo. Choma tundu dogo, ingiza waya mwembamba, utakuwa mfupa wa kiganja. Juu ya waya finyanga kwa ile gundi ya mafundi bomba, ya rangi mbili, unayoikanda pamoja kama unga wa chapati. Lowesha vidole kwanza, la sivyo itakushika wewe badala ya komando. Tengeneza kiganja kama kijiko, si kama sahani. Halafu acha. Nimesema acha!

Udongo wa kuchoma mimi sikuutia tena kichwani mwa mtu. Vichwa nilifinyanga kwa gundi ile ile juu ya karatasi iliyosokotwa, vikawa vyepesi. Goti na makofi nikavitafutia njia nyingine. Mzee Kassimu ndiye aliyenipa uzi.

Huyu Mzee Kassimu alikuwa mtu wa Kirando. Alikulia kule ziwani akipaka maboti rangi, akapanda huku kwetu kupuliza rangi magari kwenye gereji. Nilimpelekea komando wangu wa kwanza kumpaka, nikijisifu. Nilikuwa nimempaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye milango. Wiki zimepita bado ananata. Alishanata kwenye kanga yangu, kwenye shuka, na siku moja kwenye shavu la Filipo alipolala naye. Mzee Kassimu akamshika kwa vidole viwili, akamnusa.

"Mama Filipo, huyu umempaka rangi au umempaka asali?"

"Rangi, mzee."

"Basi mtie kwenye mzinga, nyuki watakuja."

Gereji nzima ikacheka. Nikataka kuondoka. Akaniita, "Njoo hapa, hasira weka kwenye msasa." Akanipa kipande cha msasa laini, akanionyesha. Plastiki na rangi ya mafuta haviivani, itanata mpaka kiama. Kwanza kwaruza mwili wote kidogo, usichimbe, mng'ao tu uondoke. Kisha praima, ile rangi ya chini ya kushikia nyingine, nyepesi, ya kupulizia kutoka mbali. Kisha rangi ya maji, uiyeyushe iwe kama maziwa, upake nyembamba, ikauke, upake tena. Ukipaka nene mara moja, unazika sura uliyohangaika kuichonga. "Rangi si blanketi," alikuwa anasema, "ni kanga nyepesi. Umbo lionekane."

Na rangi ya ngozi! Hapa ndipo mnaponitia wazimu. Mnanunua kikopo kimoja cha kahawia, mnampaka kuanzia utosi mpaka unyayo, anakuwa kama kabati. Nani kawaambia sisi tuna rangi ya kopo? Changanya nyekundu na njano, tia bluu kidogo kidogo mpaka ikubali. Magoti na viwiko vizidi weusi, kisogo kizidi weusi, viganja na nyayo viwe vyeupe kidogo. Jitazame mwenyewe kabla hujapaka mtu. Nyeusi ya kopo usiiguse kabisa, inaua uso.

Ndani ya viungo usipake. Bega, nyonga, goti: pale plastiki inapokutana na plastiki, kwaruza ndani kidogo, acha nafasi, acha bila rangi. Ukipaka ndani, siku ya kwanza akinyanyua mkono rangi inachunika kama ganda la nyanya ya moto, au kiungo kinakwaruza kama mlango wa ghala. Hili nimelisema mara nyingi kuliko rozari.

Ndipo Mzee Kassimu akanipa uzi wa nyavu za ziwani, mwembamba, haukatiki, hauonekani. Nikaupitisha mgongoni, ukashuka kwenye magoti, ukagawanyika kwenda kwenye viwiko. Nikakata vipande vyembamba vya tyubu ya baiskeli, nikavitia ndani kama mishipa. Ukivuta uzi mgongoni, mtu anapiga goti, viganja vinakutana, to, to. Ukiachia, tyubu inamrudisha wima. Siku ya kwanza ilipofanya kazi, Filipo alichuchumaa mbele ya komando akaitikia. Nami nikaitikia. Mama mkwe alipita na mtungi kichwani, akashindwa kupiga makofi, akaitikia kwa mdomo.

Macho nilipaka mwisho kabisa, kila mara. Ncha ya mwiba, tone moja jeupe, likauke, tone dogo jeusi, na chembe nyeupe juu yake. Kabla ya hapo una plastiki tu. Baada ya hapo kuna mtu anayekutazama na kukuuliza kama umemaliza.

Watoto walikuwa wanajaa hapa. Nilitengeneza makomando, maana watoto wanataka staring, yule shujaa wa filamu, lakini komando wangu alipiga goti kwanza ndipo akapigana. Nilitengeneza sista mwenye gitaa, dereva wa bodaboda na abiria aliyelala, mama anayelima matuta, fundi chuma wa zamani na tanuru lake la udongo. Mtoto analeta komando wake aliyevunjika, anasema "mfanye awe mjomba," anaondoka na mjomba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi.

Sasa njooni Laela.

Kulikuwa na kijana anaitwa Deo, mtoto wa kwetu hapa Mazwi, kalelewa na bibi yake nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alihamia Laela akawa na meza pale kwenye stendi, mabasi ya kwenda Tunduma na Mbeya yanaposimama. Alikuwa anauza biskuti, betri na vitambaa vya mkononi. Akaomba awe anachukua na watu wangu. Nikampa. Wakaisha. Akaomba wengine, wakaisha. Nikawa natembea hapa mtaani kifua mbele kama jogoo: watu wangu wanasafiri, wanapanda mabasi, watoto wa Mbeya wanaamkiwa Kifipa!

Lakini katika siku hizo hizo mambo hapa mtaani yakaanza kugeuka. Nikipita, mama mmoja anaita watoto ndani. Nikikaa kibarazani, hakuna anayekuja. Jirani yangu Mama Zita akanirudishia sista mwenye gitaa, kamfunga kwenye gazeti, kamshika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa. "Zita kamchoka," akasema, na macho anaangalia pembeni. Zita alikuwa nyuma yake analia. Mtoto aliyechoka halii hivyo. Nikauliza kuna nini. "Hakuna kitu, mama." Hakuna kitu! Mtaa mzima umefunga mlango, na hakuna kitu.

Nikafunga mzigo mpya kwenye kikapu nikaenda Laela kumpelekea Deo mwenyewe. Nilishuka upande wa pili wa barabara. Basi kubwa lilikuwa limesimama, watu wamejaa madirishani, na sauti ya Deo naisikia kabla sijamwona.

"Mzigo halisi wa Sumbawanga! Usiseme hukuambiwa! Huyu ukimweka dukani, mwizi anaganda mlangoni mpaka asubuhi! Huyu wa kike ukimweka chini ya godoro, baba haendi popote!"

"Anakula nini?" mwanamke akauliza dirishani.

"Anakula wivu wako, mama. Shusha hela, basi linaondoka!"

Watu wanacheka, na wanaocheka ndio hao hao wanaonunua. Nikasogea. Wale walikuwa watu wangu. Kawafunga vitambaa vyekundu shingoni. Na macho, macho niliyokuwa nayapaka nimezuia pumzi, kayafuta yote kwa rangi nyeusi. Sista mwingine, mwenzake yule wa Zita, alikuwa pale, hana macho, kafungwa nyekundu shingoni. Habari hizi zilishafika Mazwi kabla yangu, nikajua kwa nini Mama Zita alimshika wa kwake kwa ncha za vidole.

Nyinyi vijana mmezaliwa mkaukuta huu utani, mnauona wa kawaida. Ukienda mbali ukasema unatoka Sumbawanga, mwenzako kwenye kiti anavuta begi lake. Anakuuliza kama umekuja kwa ungo. Anacheka, unacheka, kwa sababu ukikasirika atasema unaona, kakasirika, atatutumia radi. Tunalima mahindi yanayolisha watu wasiotujua, tunaamka na baridi inayokata masikio, na mtu akisikia jina letu anashika shati lake. Na huu utani hauishii kwenye basi. Mzee akizeeka macho yakawa mekundu kwa moshi wa kuni, watu wanaanza kunong'ona. Bibi aliye peke yake anaogopa majirani zake. Msiniambie ni utani.

Nilitaka kumpiga Deo kwa kikapu. Nasema ukweli. Mkono ulishanyanyuka. Lakini kwenye kikapu, juu kabisa, kulikuwa na mtu niliyemmaliza jana yake: bibi kizee na shuka lake begani, macho mazima. Nikamtoa. Nikapenya katikati ya watu, nikamsimamisha mezani mbele ya Deo, nikavuta uzi.

Bibi akapiga goti. To, to, to.

Na Deo, mtoto aliyelelewa na bibi yake nyumba ya tatu kutoka kwangu, akachuchumaa pale pale chini mbele ya basi zima, akainamisha kichwa, akapiga makofi, akaitikia. Hakufikiri. Mwili ulimwitikia. Alikuwa chini ameshamaliza ndipo akanyanyua macho akaniona.

Abiria wakasukumana madirishani. Halafu kondakta akapasuka: "Deo! Unaamkia mzigo wako?"

"He! Kapata mkwe!"

"Kaka, hiyo dawa imekuzidi umri?"

Basi zima likacheka, na safari hii kicheko kilikuwa kingine. Mtoto mmoja akatoa mkono dirishani, "Mama, namtaka huyo anayepiga makofi!" Nikamgeuza bibi, nikainua shuka lake, nikawaonyesha mgongo. "Huu ni uzi wa nyavu. Hii ni tyubu ya baiskeli. Huyu ni kidoli, nimemtengeneza mimi Leokadia wa Mazwi, mtoto acheze. Dawa haina adabu. Huyu ana adabu."

Basi lilipoondoka nikamkalisha Deo kwenye kreti la soda.

"Mama, si mimi," akaanza. "Ni wao. Nikisema kidoli, wanauliza bei wanageuza shingo. Nikisema ni kitu cha Sumbawanga, mpaka wanashuka kwenye basi."

"Kwa hiyo unawauzia woga wao wenyewe, na jina letu ndilo gazeti la kufungia."

"Ni utani tu, mama."

"Bibi yako ana macho mekundu?"

Akajifanya anapanga betri mezani.

"Nimekuuliza. Ana macho mekundu?"

"Ndiyo. Ya moshi."

"Basi endelea na utani."

Akaanza kufungua vitambaa kimoja kimoja. Nilikaa naye pale mpaka jua likaegemea, nikifuta ile nyeusi kwa pamba na kupaka macho upya kwa rangi niliyokuja nayo kikapuni na mwiba wa mti wa stendi. Baada ya hapo aliwauza kwa kuwaamkisha abiria. Wengine waliitikia, wengine walicheka, wakaendelea kununua, ingawa si kama mwanzo. Mama Zita hakuniomba radhi. Alimtuma Zita kuja kuomba kaa la moto, na Zita akakaa na sista wake mpaka jioni, moto wenyewe umesahaulika. Hilo lilitosha.

Haya. Sasa huyu mwenye gari.

Oliva anapiga video za watu wake wakiamkia, anaziweka kwenye simu. Sipingi, ni Laela nyingine tu, stendi kubwa zaidi. Huyu bwana akaziona huko alikotoka, akaja. Kaka mtanashati, viatu havina vumbi. Akamwambia Oliva anataka mzigo mkubwa, kazi ya mwaka mzima. Lakini wasiwe na macho. Wafungwe kitambaa chekundu. Na kifuani iandikwe Sumbawanga. "Watu wanapenda hivyo vitu, dada. Ni brandi. Ni utani tu."

Oliva akaja hapa uani, akakaa chini, akachezea kandambili.

"Bibi, ningepata mashine ya kupulizia rangi."

Nikamsimulia Laela.

"Bibi, hiyo naijua. Umenisimulia tangu nanyonya."

"Basi unaniuliza nini?"

"Nakuuliza kama utakasirika."

"Nimeshakasirika. Wewe amua."

Akaondoka. Nami sikulala mchana kama kawaida yangu. Nilijua anavyotamani ile mashine. Nilijua pia kwamba kigoda ni chake sasa, na kigoda huwezi kumpa mtu halafu ukashikilia mguu mmoja.

Siku aliyosema yule bwana kwamba atarudi, nikajikongoja mpaka kwenye fremu, nikakaa kwenye benchi la nje pamoja na vijana wa bodaboda. Gari likasimama. Bwana akashuka akichekacheka. "Haya dada, sampuli ziko wapi?"

Oliva akaweka mtu mmoja tu mezani. Bibi kizee, shuka begani, mgongo umepinda kidogo, macho mawili makavu yanayokutazama kama umechelewa. Nikajiona. Yule mtoto kanitengeneza mimi, mpaka mkunjo wa paji la uso! Akavuta uzi.

To, to, to.

Vijana wa bodaboda wakaitikia, mmoja na helmeti kichwani. Nami nikajikuta viganja vyangu vinagongana. Muuza miwa ng'ambo ya barabara akaitikia. Bwana yeye akatoa simu, akaanza kupiga picha.

"Kaka," Oliva akasema, "umeamkiwa."

"Na nani?"

"Na bibi yangu."

Akacheka. "Poa, poa. Nimeipenda. Sasa wale wasio na macho?"

"Itikia kwanza."

"Niitikie mdoli?"

"Itikia tu mshikaji," kijana wa bodaboda akasema, "haikati mkono."

Bwana akatazama huku, akatazama huku. Watu wote tunamsubiri, viganja magotini. Oliva akavuta uzi mara ya pili, taratibu. Bibi akapiga goti tena. Bwana akatia simu mfukoni, akasema mambo ya biashara hayaendi hivyo.

"Hapa ndivyo yanavyokwenda," Oliva akajibu. "Watu wangu siwauzi kwa asiyeitikia." Akamchukua bibi, akamrudisha rafuni, uso umeelekea mlangoni.

Gari likaondoka, na mashine ya kupulizia ikaondoka nalo. Oliva akatoka nje akakaa kando yangu. Macho yalikuwa yanamng'aa, nikajua yanakaribia kumwagika. Vijana wanampongeza, mmoja anamwita komando. Mimi nilikuwa na jambo moja rohoni tangu bibi alipopiga goti mara ya kwanza, na sikuweza kulimeza.

"Goti la kushoto linakwaruza," nikamwambia. "Umepaka rangi ndani ya kiungo."

"Bibi, jamani. Si leo."

"Leo. Lete msasa."